Je, wajua kwa nini video hutoka na "tik" ambayo hukuisikia ulipokuwa ukiihariri?

Mama mmoja alinipigia simu wiki moja baada ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya bintiye. Video ilikuwa imemfikia na picha alizipenda, ila alikuwa na swali: "Kijana wangu, mbona hapa akina mama wanapopiga vigelegele kunakwaruza kama redio mbovu?" Nikaufungua mradi kwenye kachumba kangu cha kazi, ghorofa ya tatu karibu na River Road jijini Nairobi, nikavaa hedifoni. Vigelegele vilikuwa safi kabisa. Nikafungua faili ile ile niliyompelekea. Vilikwaruza.

Hapo wengi wetu huanza kulaumu waya, maikrofoni, hata spika za mteja. Lakini kama mradi ni safi na faili ni chafu, kosa kwa kawaida ni la hesabu. Programu ya kuhariri inaihesabu sauti kwa namna moja, enkoda (ile programu inayoibana video iwe faili ndogo ya kutumwa) inaihesabu kwa namna nyingine, na pale wanapokosana ndipo wewe unasikia "tik".

Kabla ya kugusa chochote, sikiliza sehemu hiyo mara mbili ukiangalia saa ya video. Kelele ikija dakika ya 14 na sekunde ya 22 kila mara, imo ndani ya faili. Ikihamahama, leo hapa na kesho pale, faili yako ni nzima na ni kompyuta inayochoka kuicheza. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikirekebisha faili isiyo na ubaya wowote, kwa sababu laptopu ilikuwa na madirisha 30 ya intaneti wazi.

Turudi kwa vigelegele. Sauti ya kidijiti ina dari, nayo ni desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) sifuri. Katika sauti ya biti 16, kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja cha wimbi la sauti, ni namba kati ya -32,768 na 32,767. Wimbi likitaka kupanda zaidi halina pa kwenda. Linakatwa kichwa, linabaki bapa, na ubapa huo ndio mkwaruzo. Mimi nilikuwa nimevipandisha vile vigelegele hadi mita ya sauti ikawa inakaribia sifuri bila kupita, nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba AAC, kodeki (njia ya kubana) ya sauti iliyomo kwenye faili nyingi za MP4, haihifadhi wimbi lenyewe. Hutupa yale ambayo sikio halitayasikia, na wakati wa kuchezwa wimbi linajengwa upya likifanana na lile la kwanza. Likifanana tu. Kilele kilichokuwa chini kidogo ya dari kinaweza kurudi kikiwa kimeipita.

Ndiyo maana Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ulipotoa pendekezo lake la R 128 mwaka 2010, ulisema kilele halisi, cha wimbi likishajengwa upya, kisizidi desibeli 1 chini ya sifuri. Mimi huacha 2. Nawajua akina mama wa ruracio.

Chanzo cha pili ni muziki tunaouweka chini ya picha. Sauti ya video kwa kawaida huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, na wimbo uliotoka kwenye CD huwa na 44,100. Hiyo namba ya ajabu ilitoka kwenye video yenyewe! Kabla ya CD kuanza kuuzwa mwaka 1982, sauti ya kidijiti ilirekodiwa kwenye kanda za video, sampuli 3 katika kila mstari wa picha. Mistari 245, mara nusu-picha 60 kwa sekunde, mara sampuli 3, ni 44,100. Kwenye mfumo wa Ulaya, mistari 294 mara 50 mara 3, jibu ni hilo hilo. Basi tumebaki na urithi wa kanda ambazo vijana wa siku hizi hawajawahi kuziona.

Kubadilisha moja iwe nyingine ni kazi ya kweli: kila sampuli 147 lazima zizae 160. Programu ikifanya hivyo kwa haraka huku inatoa video, inaweza kuteleza kwenye mipaka ya vipande, nawe ukasikia vitiki vidogo. Na ikitokea enkoda imeisoma sauti ya 48,000 kana kwamba ni ya 44,100, saa moja ya ibada inageuka dakika 65 na sekunde 18, na mchungaji anaongea kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usiku. Dawa ni kuugeuza kila wimbo, na kila ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao shangazi ametuma kutoka ng'ambo, uwe WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 48,000 kabla haujaingia kwenye mradi.

Kuna tatizo jingine ambalo hapa mjini tumejiletea wenyewe kwa kuogopa stima kupotea. Mtu ana video ya saa tatu, anaitoa vipande vya nusu saa nusu saa, kisha anaviunga. Kwenye kila kiungo, tik! AAC hufanya kazi kwa mafungu ya sampuli 1,024, na enkoda nyingi hutanguliza sampuli 2,112 za kimya ili zipate pa kuanzia. Kwa 48,000 hizo ni milisekunde 44, zaidi kidogo ya fremu (picha) moja ya video ya fremu 25 kwa sekunde. Katika faili moja programu ya kuchezea video inajua kuzikata hizo za mwanzo, lakini ukishaunga vipande sita una mashimo matano katikati ya nyimbo. Ukilazimika kutoa vipande, toa picha peke yake kwa vipande, na sauti yote itoe kwa mara moja kama WAV. Sauti haichukui muda. Hata stima ikiwa na kigeugeu utawahi.

Mimi sasa hufanya hivyo hata stima ikiwepo, kwa sababu WAV ni shahidi mzuri. Ikiwa tik imo kwenye WAV, ubaya uko kwenye mradi. Ikiwa WAV ni safi na MP4 ni chafu, ubaya uko kwenye enkoda au mipangilio yake. Kwa wanaotumia ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa maagizo ya kuandika, agizo la -c:v copy -c:a aac -ar 48000 linaacha picha kama ilivyo na kupika sauti peke yake, kwa hiyo hungoji saa nyingine mbili. Chunga tu urefu: WAV ya kawaida haiwezi kupita gigabaiti 4, na kwa sauti ya stirio ya biti 24 hiyo ni kama saa nne na dakika nane. Sherehe zetu zinaijua hiyo dakika ya tisa.

Vile vigelegele nilivishusha desibeli 2, nikatoa sauti upya, nikamtumia mama yule jioni ile ile. Alifurahi, kisha akaomba nipunguze hotuba ya mjomba. Nikakata. Nilipovuta karibu pale nilipokata, wimbi lilikuwa likishuka kama genge: sampuli moja iko juu kwenye 12,000, inayofuata iko chini kwenye -9,000, na spika haina njia ya kuruka hivyo bila kupiga kelele. Nikaweka krosifedi ya fremu mbili, mjomba afifie huku wimbo ukiibuka, nikasikiliza tena kwa hedifoni, mara mbili, nikiangalia sekunde.