"CIF Dar es Salaam" si ahadi ya siku ya kufika

CIF ni mauzo ambayo bei ya mzigo ina bima na nauli ndani yake. Kariakoo utasikia kila mara: "Nimenunua CIF Dar es Salaam, mwisho wa kusafirisha 30 Juni, kwa hiyo siku hiyo mzigo uwe bandarini." Imani hii ni ya miaka mingi, na jina la Dar kwenye ankara ndilo linaloipa nguvu. Si kweli.

Kwa CIF, hata katika Incoterms (kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo) za 2020, muuzaji huhesabiwa amekabidhi mzigo ukishapakiwa melini kwenye bandari unakotoka. Jina la Dar linaonyesha tu amelipia nauli na bima hadi wapi. Tuseme ni vigae kutoka Ningbo, China. Chukua hati ya shehena, ile ambayo wakala wa forodha huiita BL, utazame tarehe ya kupakiwa melini. Ikiwa ni 29 Juni, muuzaji yuko ndani ya muda, hata meli ikitia nanga hapa Agosti. Na vikivunjika njiani, hasara ni yako na bima. Hilo huwashtua wengi kuliko tarehe yenyewe.

Unataka siku ya kufika? Andika DAP, yaani muuzaji akukabidhi mzigo mahali unapofikia, taja mahali na tarehe (ushuru bado utalipa wewe). Kubandika "lazima ifike" juu ya CIF ni kutafuta ugomvi.

Ukilipa kwa LC, ile ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati sahihi, chunga maneno pia. Kwa UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, kusafirisha "mnamo au karibu na 15 Juni" ni kati ya tarehe 10 na 20. "Mwanzoni mwa Juni" ni tarehe 1 hadi 10.