Anasoma bila kukwama, lakini je, ameelewa?

Walimu wengi wa sekondari msingi nchini Kenya hutuambia kuwa wanafunzi wao wa gredi ya 7 wanajua kusoma. Ni kweli, maneno wanayatamka vizuri. Shida ni kwamba maswali mengi ya ufahamu tunayowapa hayapimi ufahamu.

Soma sentensi hii: "Mtwebu alisuruga vipwelo kando ya gwazi." Mtwebu alisuruga nini? Vipwelo. Wapi? Kando ya gwazi. Umepata alama zote, na hujaelewa chochote, maana maneno hayo tumeyabuni. Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kufika gredi ya 9 akinyofoa majibu kutoka kwenye kifungu, mpaka siku anapokutana na ukurasa wa Sayansi Jumuishi unaomtaka aunganishe chanzo na matokeo yake.

Mwaka 1984, watafiti wa Marekani Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha kazi yao na wanafunzi wa gredi ya 7 wa aina hiyohiyo, wanaotamka vizuri lakini hawaelewi. Waliwafundisha mambo manne: kufupisha walichosoma, kuuliza swali, kufafanua palipowatatiza na kutabiri kitakachofuata. Kwanza mwalimu alifanya mwenyewe huku wakimsikiliza, kisha wanafunzi wakapokezana nafasi ya mwalimu. Ufahamu wao ulipanda waziwazi.

Njia hii haihitaji vifaa vya gharama. Hata darasa likiwa na wanafunzi 60, wagawe wanne wanne, kila kundi na nakala moja, na aya moja tu kwa wakati mmoja. Kigumu zaidi ni kuuliza. Mwanzoni wataiga maswali ya kunyofoa: "Mkulima alipanda nini?" Usiwakaripie. Waonyeshe swali lingine: "Kwa nini alingoja mvua ya pili?" Jibu lake halikuandikwa popote, ni lazima mtu afikiri. Kwa maoni yangu, mwalimu mwenye nafasi ya kufundisha stadi moja tu kati ya hizo nne achague hii.

Kazi hii pia si ya mwalimu wa Kiswahili au Kiingereza peke yake. Namna ya kusoma jedwali la mvua, nani ataifundisha kama si mwalimu wa Masomo ya Jamii? Na wanafunzi wakitaka kujadili aya ya Kiingereza kwa Kiswahili au Kikamba, waacheni. Wakishaelewa, watarudi kwenye Kiingereza wakiwa na la kusema.

Mzazi naye anaweza kusaidia, hata asiyejua kusoma. Mwombe mtoto akusomee habari moja gazetini, aufunike ukurasa, akueleze kwa maneno yake. Kisha muulize, "Unadhani kwa nini walifanya hivyo?" Akibabaika, mwache afunue na kurudia, kwa sababu kurudi nyuma kutafuta maana ndiko tunakotaka akuzoee.