Sertifika ni kauli ya mtu, si uhalisi wa saini

Cheti cha uhalisi, ambacho hapa Lubumbashi, Kongo, kila mtu anakiita sertifika, ni karatasi ambayo mtu anatamka ndani yake kwamba saini iliyo kwenye jezi, picha au kitabu fulani iliandikwa na mkono wa mwenye jina lile. Maana yake inaishia hapo. Karatasi haijapima wino wala haijamwona mtu akisaini. Ni kauli tu, imepigwa chapa vizuri.

Nalieleza hili kwa sababu kuna jibu moja ambalo masikio yangu yamelichoka. Kijana anauza jezi ya Mazembe, klabu yetu ya mpira, anasema Kidiaba, kipa wake, aliisaini waliporudi kutoka Abu Dhabi Desemba 2010, ile fainali ya Kombe la Dunia la Klabu tuliyofungwa na Inter Milan 3-0. Unamuuliza amejuaje kwamba ni saini ya Kidiaba. Anajibu: "Yaya, mayo iko na sertifika", yaani kaka, jezi ina cheti. Mazungumzo yamekwisha! Na mnunuzi naye, akishalipa, anarudia maneno yaleyale kwa rafiki zake. Ukizikusanya jezi zote ambazo watu wa Kamalondo na Kenya, mitaa ya mji wetu, wanaapa kwamba zilivaliwa siku ile, Mazembe iliingia uwanjani na wachezaji mia mbili.

Nadhani chanzo ni kashe, yaani muhuri. Sisi tumelelewa na kashe. Huwezi kuomba kazi, kuandikisha mtoto wala kuuza kiwanja bila karatasi yenye muhuri wa duara, kwa hiyo jicho likiona duara, moyo unatulia. Lakini hebu tuangalie kashe yenyewe inasema nini. Ukipeleka kopi ya diploma ili ithibitishwe, ofisa anaiangalia kopi, anaiangalia asili, anasema zinalingana. Hasemi kwamba ulisoma. Kama asili ni ya kughushi, utatoka pale na kopi iliyo sawasawa kabisa na karatasi ya kughushi, tena yenye kashe ya serikali. Ukienda kwa notari kuhalalisha saini, yeye anashuhudia kwamba saini ni ya mtu fulani. Hashuhudii kwamba maneno yaliyo juu ya saini ni ya kweli. Kila kashe ina mpaka wake, ila sisi tunaibebesha mzigo ambao haikuahidi kuubeba.

Sertifika za otografu, yaani saini za watu mashuhuri, zina shida zaidi, maana neno hilohilo moja linafunika vitu vitatu. Kuna kauli ya aliyeona: nilikuwepo, alisaini mbele yangu, tarehe fulani, mahali fulani. Huu ni ushahidi. Kuna kauli ya mjuzi ambaye hakuwepo, lakini amelinganisha saini hii na nyingine nyingi zinazojulikana, akafikia hukumu. Haya ni maoni, na yanaweza kuwa mazuri sana au ya ovyo, kutegemea nani anayatoa. Halafu kuna karatasi aliyoichapa muuzaji mwenyewe pamoja na bidhaa yake, na hilo ni tangazo la biashara. Sokoni vyote vitatu vinaitwa sertifika. Hapo ndipo ninapochukia. Tangazo limevaa koti la ushahidi, na ukilivua unaonekana mtu wa wivu.

Hata kauli inayotoka juu kabisa inaweza kuanguka. Mwaka 2022 mchapishaji mkubwa wa Marekani, Simon & Schuster, aliuza nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan kwa dola 599 kila moja, akidai kwamba kila nakala imesainiwa kwa mkono, na barua ya kuthibitisha ilikuwemo. Wanunuzi wakaanza kuonyeshana picha za saini zao kwenye intaneti. Zilifanana mno. Ikajulikana kwamba kazi ilifanywa na mashine ya kusaini, ile inayoshika kalamu halisi na kufuata mchoro uliowekwa ndani yake. Fedha zikarudishwa na Dylan akaomba radhi. Miaka ya 1990 polisi wa FBI walifuatilia kikundi cha kughushi kule California, katika msako walioupa jina la Bullpen. Wale jamaa walighushi saini, kisha wakazitafutia na vyeti. Miongoni mwa bidhaa zao zilikuwemo mipira ya besiboli yenye saini ya mtawa Mama Teresa. Mnisamehe, lakini mtu aliyeununua mpira ule alihitaji kujiuliza swali moja tu, na sertifika ndiyo iliyomzuia.

Jambo la Dylan lina funzo ambalo wengi wanalishika kichwa chini miguu juu. Husema: "Inafanana kabisa na ile nyingine, kwa hiyo ni ya kweli." Mkono wa mtu haurudii. Saini mara kumi, utapata ndugu kumi, hutapata mapacha. Saini mbili zinazolaliana mstari kwa mstari zimetoka kwenye mashine, au zimechapishwa, au moja imefuatishwa juu ya nyingine. Ya kuchapishwa ndiyo rahisi kuijua: chukua lenzi ya kukuza, na mara nyingi utaona nukta ndogondogo za uchapishaji badala ya mstari wa wino. Ya kughushi kwa mkono huonekana kwenye mwendo. Anayesaini jina lake anakwenda mbio, mwisho wa herufi unachongoka kalamu inapoondoka. Anayeiga jina la mwingine anachora: mstari una uzito uleule kote, unatetemeka kidogo, unasimama mahali ambapo mwenyewe asingesimama. Kuna na zile ambazo hazikughushiwa kwa nia ya kuiba. Neil Aspinall na Mal Evans, waliokuwa wakiwahudumia Beatles, bendi ya Uingereza, safarini, waliwasainia picha nyingi kwa ajili ya mashabiki. Hakuna aliyeibiwa wakati ule, ila saini si ya Beatles, na leo huuzwa kama yao.

Na mkono hubadilika pia. Bondia Muhammad Ali, yule aliyepigana Kinshasa Oktoba 1974, hasaini kama Ali wa miaka ya 1990, baada ya ugonjwa wa Parkinson kumshika. Linganisha saini na zile za kipindi chake.

Huku kwetu tuna kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu: tarehe. Nchi hii imebadilisha majina mpaka waghushi wanachanganyikiwa. Barua iliyoandikwa "Lubumbashi, 1960" inasema uongo kabla hujafika kwenye saini, kwa kuwa mji uliitwa Élisabethville hadi 1966. Siasa ya Rais Mobutu ya uhalisi, ile authenticité iliyotuvua majina ya ubatizo, ilimfanya yeye mwenyewe kuwa Mobutu Sese Seko Januari 1972. Picha yenye jina hilo na tarehe ya 1968 irudishe kwa muuzaji. Kalamu za ncha ya nyuzi, kama zile watoto wanazochorea, zilibuniwa Japani mwaka 1962. Lumumba aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, kwa hiyo saini ya kalamu hiyo haiwezi kuwa yake. Na karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha inayowaka buluu chini ya taa ya urujuanimno (ultraviolet). Barua ya mwaka 1935 haipaswi kuwaka hivyo.

Vipimo hivi vyote vinaweza kukuambia kwamba saini ni ya uongo. Havina nguvu ya kukuambia kwamba ni ya kweli, maana mghushi mwerevu naye anajua tarehe na anajua karatasi. Kwa hiyo simkatazi mtu kununua, wala simwambii atupe sertifika yake. Naomba tu abadilishe maneno. Badala ya "iko na sertifika", aseme "fulani amesema ni ya kweli", na amtaje huyo fulani kwa jina. Kisha amuulize kama aliona, kama alilinganisha, na alilinganisha na nini, au kama ndiye aliyekuwa anauza.