Kombe hana mrija

Ukimpasua kombe, yule kiumbe wa pwani mwenye gamba la pande mbili, ukaona maji mekundu, usidhani ameoza. Ile ni damu. Chaza na jamaa zake wengi damu yao haina wekundu, lakini kombe wetu, Anadara antiquata, ana himoglobini, ile chembe nyekundu inayobeba oksijeni, nayo humfaa kwenye tope lenye hewa haba.

Jambo kubwa zaidi kwangu ni kwamba kombe hana mrija. Wako jamaa zake wanaojichimbia chini kabisa wakatoa mirija miwili juu, mmoja wa kuvuta maji, mwingine wa kuyatoa. Kombe hawezi. Hukaa juujuu, ncha ya nyuma ikiwa usawa wa mchanga, maji yapite kwenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia, yachujwe chakula. Ndiyo maana kule Unguja, Chwaka au Fumba, utampata kwenye nyasi za bahari, penye mchanga wenye tope na vipande vya matumbawe, hasa pale panapofichuka maji ya bamvu tu, yanapokupwa sana. Mwinue taratibu: ukingoni kwa chini, chini ya manyoya ya kahawia yaliyofunika matuta ya gamba, utaona nyuzi alizojifungia kwenye kijiwe. Ukimnyakua zinakatika, na kabla hajatengeneza nyingine wimbi litakuwa limembingirisha.

Basi pakikanyagwa sana, au nyasi ziking'oka, mchanga hutibuka ukaziba matamvua. Akifukiwa, hana cha kutoa juu.

Kuzaa nako kunataka majirani. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, yakutane humo humo. Waliopevuka utawajua kwa rangi ya ndani: jike chungwa, dume maziwa. Kombe kumi waliotawanyika pwani nzima si sawa na kumi walio ndani ya hatua mbili. Kwa hiyo usimalize kundi zima. Nashauri waachwe wote walio chini ya sentimita 5, na wakubwa kadhaa palepale walipo, kwani jike mkubwa hubeba mayai mengi. Jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa.

Ukiwahifadhi kwenye uzio wa mawe, usiujenge juu sana ufukweni, jua la mchana litawapika. Wapange safu moja, nafasi ya kiganja, ncha ndefu juu; wakirundikwa, wa chini hufa na kuwachafulia wenzao maji.

Kabla ya kupika, walaze usiku kucha kwenye maji safi ya bahari wateme mchanga. Aliyeachama asiyefunga ukimgonga, mtupe. Asiyefunguka baada ya kuchemka, naye mtupe. Ila wa karibu na bomba la maji machafu usiwachukue kabisa: metali walizokwisha kuchuja hazitoki kwa usiku mmoja, wala kwa moto.