Je, wajua kwa nini mabinti wa Kapkatet walimwimba Mmarekani mwaka 1950?

Ukipanda matatu ya Nakuru kwenda Kericho jioni ya Jumamosi, usishangae dereva akiweka kantri, muziki wa gita wa Wamarekani weupe wa mashambani. Gita linalia taratibu, mwanamume analalamikia mke aliyemkimbia, na mzee wa siti ya nyuma anayajua maneno yote. Jamaa zangu wa pwani hunicheka kwa hilo. Basi nawaambia kwamba mapenzi hayo ya milimani yana ushahidi wa tangu 1950, na ushahidi wenyewe ni sauti za wasichana.

Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet, mbele kidogo ya Litein kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik. Badala ya kuwapeleka waimbaji studio, aliwaletea studio kwa lori. Jenereta iliachwa mbali, ikaunganishwa kwa waya mrefu ili ngurumo yake isiingie wimboni. Maikrofoni aliishika mwenyewe, akiisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa chepkong, kile kinubi cha Wakipsigis, Wakalenjin wa eneo hilo. Na muda aliuchunga sana, kwa sababu santuri za siku zile, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika 3 hivi kila upande. Wimbo ambao arusini ungekesha na watu ulipaswa kutosha humo. Kwa hiyo ukisikia jinsi nyimbo hizo zilivyo fupi, usidhani wazee walikuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa santuri.

Kati ya alizorekodi hapo, tatu zina jina moja: Chemirocha. Wanaume waliimba zao, lakini iliyofika mbali zaidi ni ya mabinti, sauti nyembamba zikienda sambamba na kinubi. Sasa litamke jina hilo polepole. Chemi-rocha. Jimmie Rodgers! Kikalenjin hakitofautishi “j” na “ch”, kwa hiyo jina lilipopita vinywani mwa watu wa Kapkatet lilitoka limekuwa la nyumbani kabisa.

Rodgers alikuwa mwimbaji wa kantri, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, Marekani, aliyepata umaarufu kwa gita na kwa yodeli, ule uimbaji ambapo sauti inaruka ghafla kutoka kifuani kwenda juu, kisha inarudi. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Kenya hakufika. Iliyofika ni sauti yake, ndani ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ambayo haikuhitaji umeme wowote.

Hapa ndipo hadithi inaponinogea. Rodgers naye aligunduliwa kwa njia ile ile ya studio kumfuata mwimbaji. Mwaka 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, alibeba mitambo hadi Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia katika milima ya Appalachia. Alitaka nyimbo za watu wa milimani, akatega mitambo katika jengo lililokuwa ghala la kofia. Familia ya Carter, kundi jingine maarufu la kantri, iliimba humo tarehe 1 Agosti, Rodgers tarehe 4. Peer alikuwa akitafuta pesa na Tracey akitafuta kumbukumbu, lakini kazi ilikuwa moja. Mlima mmoja ulirekodiwa, santuri ikapanda mlima mwingine, mlima huo ukajibu, na jibu nalo likanaswa.

Lakini kwa nini wamwimbe? Tracey aliandika kwamba mabinti walimfanya Chemirocha kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, na walikuwa wakimhimiza aruke kwenye ngoma mpaka nguo zimtoke. Wengine wameyasoma maneno hayo wakasema, tazama, wanakijiji walimwabudu mwimbaji wa kizungu. Mimi nasikia utani. Wasichana wanaomwambia mwanamume aruke mpaka abaki uchi hawasali. Sauti ilikuwa imewafikia bila mwili, inapanda na kushuka kama haina mfupa. Wakaitengenezea mwili, wakaipa miguu inayofaa kuruka, kisha wakaicheka. Mgeni anayezungumzwa kijijini huishia wimboni, awe mkuu wa wilaya au sanduku linaloimba.

Rekodi zilikwenda kukaa Afrika Kusini, katika hifadhi ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Kapkatet wenyewe walikaa miaka mingi bila nakala. Zilirudishwa mwaka 2015, kwa ushirikiano wa hifadhi hiyo na Ketebul Music, shirika la muziki la Nairobi. Mmoja wa wanaume walioimba mbele ya maikrofoni ya Tracey alikuwa bado hai, amevuka miaka 80, akawekewa sauti yake ya ujana aisikilize.