Makumbusho ya Jamii: Maana Yake kwa Waarmenia

Neno «makumbusho» limejengwa juu ya kitenzi kukumbusha, na hapo ndipo dhana yenyewe ilipo: si ghala la vitu vya kale, bali mahali ambapo kitu humkumbusha mtu jambo. Makumbusho huitwa ya jamii pale ambapo wanaotoa vitu, wanaovieleza na wanaoamua kipi kionyeshwe ni watu wenye historia hiyo, wala si serikali.

Waarmenia waliihitaji namna hii ya makumbusho kwa sababu walipoteza mahali penyewe. Tarehe 24 Aprili 1915 watawala wa Dola ya Uthmaniya, iliyotawala nchi ambayo leo ni Uturuki, walianza kuwakamata wasomi na viongozi wa Kiarmenia mjini Constantinople, ambao leo ni Istanbul, na katika miezi iliyofuata wanaume waliuawa, huku wanawake, watoto na wazee wakiswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba walikufa kati ya milioni 1 na milioni 1.5. Serikali ya Uturuki hadi leo inakataa kuyaita matukio hayo mauaji ya kimbari. Nchini Rwanda makanisa kama la Ntarama yamegeuzwa kuwa kumbukumbu palepale watu walipouawa. Waarmenia waliotawanyika Aleppo, Beirut, Marseille na Boston hawakuwa na nafasi hiyo, na kilichobaki mikononi mwao kilikuwa kile kilichobebeka.

Mara nyingi kilikuwa kitambaa. Darizi ya Marash, mji ulio kusini mwa Uturuki ya leo, ina mishono yake ya kusukana, na ile ya mji jirani wa Aintab huchomolewa nyuzi kisha hushonwa nyeupe juu ya nyeupe, kiasi kwamba mjuzi huweza kuutambua mji wa mshonaji kwa kuangalia tu. Hata hivyo kitambaa hicho, kikiwekwa kwenye kabati la kioo bila neno la familia kilikotoka, ni pambo tu. Anapokuja mjukuu na kueleza kwamba bibi yake alishona darizi kama hiyo katika kituo cha yatima ili apate chakula, kitambaa kinakuwa ushahidi, na ushahidi wa aina hii, kwa maoni yangu, humgusa mtazamaji kuliko hesabu ya vifo.

Makumbusho ya Waarmenia wa Marekani yalianza mwaka 1971 katika chumba cha chini cha kanisa huko Belmont, Massachusetts, kabla ya kuhamia mji jirani wa Watertown, katika jengo lililokuwa benki. Lakini mizizi ya wazo hilo ni ya zamani zaidi. Manusura waliotoka mji mmoja waliunda vyama ugenini na kuandika vitabu vilivyoitwa houshamadian, yaani kitabu cha kumbukumbu, ambavyo viliorodhesha familia, mitaa, methali, vyakula na desturi za harusi za mji uliotoweka. Mwaka 2010 ulianzishwa Berlin mradi wenye jina hilohilo, Houshamadyan, ambao hufanya kazi hiyo kwenye intaneti kwa kukusanya picha, barua na nyimbo kutoka kwa familia. Msisitizo wake ni jinsi Waarmenia walivyoishi kabla ya 1915, jambo ambalo kumbukumbu za maafa husahau kwa urahisi.

Kazi ngumu zaidi ni kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa picha. Waarmenia wengi wa Marash na Aintab walizungumza Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kiarmenia, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Mtu anayejua herufi hizo huenda asijue Kituruki, na anayejua Kituruki hawezi kuzisoma. Wanaoviweza vyote viwili ni wachache, kwa hiyo picha nyingi hufika zikiwa na majina yaliyoandikwa vizuri kabisa, ambayo aliyezileta hawezi kuyasoma.