Je, wajua? Swichi haitambui kebo yako, inabahatisha

Ukiulizia kebo ya kroso (kebo ya mtandao ambayo nyaya zake za kutuma na kupokea zimepishanishwa) kwenye vibanda vya elektroniki vya Luthuli Avenue, Nairobi, pengine utaambiwa chukua ya kawaida, swichi za siku hizi (visanduku vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) zinaisoma kebo na kujirekebisha zenyewe. Wengi wetu tumelirudia jibu hilo miaka nenda rudi. Ni kweli zinajirekebisha, ila hazisomi kitu. Kebo ni shaba tu, haina chipu wala alama, na swichi haioni rangi za nyaya zilizo ndani ya plagi. Hata taa ikishawaka, swichi bado haijui ni kebo gani imechomekwa: huenda ni ya kroso, huenda ni mashine ya upande wa pili iliyojigeuza.

Kwa ufupi, katika Etheneti (mtandao wa kebo) ya megabiti 10 na 100 kwa sekunde, kompyuta hutuma kwa pini 1 na 2, hupokea kwa 3 na 6. Poti ya swichi iko kinyume, hivyo kebo nyoofu, yenye ncha mbili zilizopangwa sawa, inatosha. Kompyuta kwa kompyuta, au swichi kwa swichi, mdomo ulikutana na mdomo, ndipo kroso ikahitajika: ncha moja ina mpangilio wa nyaya wa T568A, nyingine wa T568B.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Hewlett-Packard walibuni Auto MDI-X, mbinu ya poti kubadilisha yenyewe pini za kutuma na za kupokea. Poti hukaa upande mmoja, hutuma mapigo na kusikiliza kwa takriban milisekunde 62. Ikisikia mwenzake, inatulia hapo. Isiposikia, inarusha sarafu, yaani saketi ndogo (rejista ya biti 11) inayotoa namba za kubahatisha: igeuke, au ibaki ilivyo.

Kwa nini isigeuke tu kila mara? Fikiria wapagazi wawili wenye katoni wakikutana kwenye ngazi nyembamba. Huyu anahamia kulia, na yule anahamia huko huko. Wanarudi kushoto, wote tena. Wakiwa na adabu sawa na mwendo sawa, watacheza hapo hadi jioni. Kila mmoja akirusha sarafu kabla ya kusogea, punde watapishana. Kwa hesabu ya sarafu, uwezekano wa kushindwa kupishana mara 10 mfululizo ni 1 kati ya 1,024, na raundi hizo zote hazifiki sekunde moja. (Taa huchelewa zaidi ya hapo kwa sababu mashine bado zinapatana kuhusu kasi.)

Upande mmoja wenye uwezo huu unatosha. Katika kiwango cha gigabiti cha 1999 ni hiari, ingawa karibu kila kifaa kinao. Ukifunga kasi kwa mkono, tuseme 100 na dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), baadhi ya swichi huzima ubahatishaji huu na taa hazitawaka. Rudisha kasi iwe otomatiki kabla ya kulaumu kebo.

Kosa ambalo sarafu haiwezi kulirekebisha ni nyaya zilizopangwa jozi kwa jozi: 1-2, 3-4, 5-6, 7-8. Kipima kebo kitawasha taa zote nane, kwa kuwa kila pini imemfikia mwenzake. Lakini 3 na 6 sasa zimetoka kwenye jozi mbili tofauti, hazijasokotwa pamoja, na kelele za umeme kutoka nyaya jirani zinaingia. Kwa mita 2 huenda ikapita. Ivute mita 40 hadi ghorofa ya nne na paketi (vifurushi vya data) zitaanza kupotea, huku taa ya poti ikiwaka kijani kibichi.